Je, Aliyeokoka ni Mwema Kuliko Aliyekufa?

Mtumbwi ukipinduka ziwani, watu kumi wakazama na mmoja akafika ufukoni akiwa hai, jioni ile ile kijiji kizima huanza kutafuta sababu. Huyu husema: amepona kwa kuwa ni mtu mwema. Yule hunong'ona: amepona kwa kuwa ana dawa. Mwingine hukumbuka kwamba mmoja wa waliozama aligombana na baba yake mwaka jana. Maneno hayo husemwa penye msiba kana kwamba ni faraja, kumbe ni hukumu. Maana anayemsifu aliyepona kwa wema wake amekwisha kuwalaumu waliozama, nao hawapo tena wa kujitetea.

Swali hili ni la kale. Rafiki za Ayubu walikuja kukaa naye majivuni, wakamwambia kwamba hakuna mtu apatwaye na mabaya bila kosa. Na kitabu chenyewe kinawakemea rafiki hao. Katika karne ya 20 swali lile lilirudi kwa namna ya kutisha kuliko zote. Chini ya utawala wa Hitler, Wayahudi wapatao 6,000,000 waliuawa huko Ulaya, wazee kwa watoto, si kwa kosa lolote walilotenda, bali kwa sababu walizaliwa Wayahudi. Wachache waliobaki waliulizwa na watu, nao wakajiuliza wenyewe usiku: kwa nini wewe, na si yule aliyelala kando yako? Habari ya mmoja wao, binti aitwaye Gerda Weissmann, yafaa kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu aliiandika mwenyewe, na kwa sababu jibu lililo rahisi alilikataa.

Gerda alizaliwa tarehe 8 Mei 1924 katika mji wa Bielsko, kusini mwa Polonia, karibu na milima. Baba yake ni Julius, mama yake ni Helene, na kaka yake Arthur alimtangulia kwa miaka mitano. Nyumba yao ilikuwa na bustani nzuri. Mwezi wa Septemba 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia mjini, na katika majuma machache maisha yale yakapinduliwa kama kikapu. Arthur akaandikwa pamoja na vijana wengine Wayahudi, akapelekwa mbali mwezi wa Oktoba. Dada yake hakumwona tena. Wazazi na binti wakaamriwa kuhamia chumba cha chini ya ardhi katika nyumba yao wenyewe, mahali pa giza na unyevu, wakakaa humo kama wageni wasiotakiwa.

Katika siku hizo za dhiki Wayahudi wengine walianza kufikiri kwamba ni heri kujiua kuliko kungoja. Baba akalisoma wazo hilo usoni mwa binti yake. Akamshika shingoni, akamwambia kwamba wazo lile si la haki, tena ni la woga, akamtaka aahidi kwamba hatalifuata kamwe, yatokee yatakayotokea. Gerda akaahidi. Msomaji aiweke ahadi hii moyoni, maana itarudi.

Mwaka 1942, mwezi wa Juni, ikaja siku ya kutengana. Baba alimwagiza binti yake avae viatu vyake vizito vya ngozi, vile vilivyoshonwa kwa michezo ya milimani wakati wa theluji. Theluji ni maji yaliyoganda kwa baridi mawinguni. Huanguka kama unga mweupe na kuifunika nchi yote. Lakini ule ulikuwa mwezi wa jua kali kule Ulaya, hata binti akashangaa: viatu vya baridi, siku kama hii? Baba akasisitiza, naye akatii. Baadaye akaficha ndani ya viatu hivyo picha za watu wa nyumbani mwake, akazichukua hivyo miaka mitatu.

Baba akapelekwa kwanza. Kesho yake mama na binti walisimama pamoja na Wayahudi wengine mbele ya maaskari, wakatenganishwa: wenye nguvu huku, wazee na wadhaifu kule. Mama akawekwa upande wa wale ambao Wajerumani hawakuwahitaji. Gerda alipandishwa garini pamoja na wasichana wa kufanya kazi, naye alipoona jinsi mambo yalivyo akaruka chini, akimkimbilia mama yake. Mtu mmoja akamkamata akamrudisha garini kwa nguvu. Mtu huyo alikuwa Moshe Merin.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa kuwa Merin ni fundo gumu katika habari hii. Alikuwa mkuu wa baraza la Wayahudi ambalo Wajerumani wenyewe waliliweka katika eneo lile. Aliamini kwamba akikubali kuwatoa baadhi ya watu wake, na kuwafanya wengine wafae kwa kazi, atawaponya waliosalia. Hakuwaponya. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1943, na hukumu ya watu wake juu yake ni nzito hata leo. Lakini mkono wake ndio uliomrudisha Gerda upande wa uhai. Na mkono huo huo ulisaidia kuwakusanya watu waliopelekwa kufa, mama yake Gerda akiwa kati yao. Je, Gerda aliponywa kwa wema wake mwenyewe siku ile? Yeye alikuwa akikimbilia kufa pamoja na mama yake. Kama upendo ungepewa alichotaka, binti huyu angekufa Auschwitz mwaka 1942 akiwa na miaka 18, wala jina lake lisingejulikana. Wazazi wake wote wawili hakuwaona tena, waliuawa.

Wasichana wale walipelekwa kufanya kazi ya shuruti. Katika nchi ile ilikuwako ofisi, iliyosimamiwa tangu 1940 na afisa aitwaye Albrecht Schmelt, ambayo kazi yake ilikuwa kuwakodisha Wayahudi kwa wenye viwanda na kwa wajenzi wa barabara. Ilikuwa na kambi zaidi ya 170. Mwenye kiwanda alilipa ofisi fedha kwa kila kichwa, kama mtu anayekodi ng'ombe wa kulima; mfanyakazi mwenyewe alipata kipande cha mkate na mchuzi mwembamba. Wazee wa Kongo waliosikia kwa babu zao habari za mpira wa msituni wataelewa upesi jinsi mtu anavyogeuzwa kuwa mikono tu. Lakini kwa Wayahudi lilikuwako jambo la zaidi: nyuma ya kazi kilingoja kifo. Aliyeweza kufuma aliishi mpaka kesho. Aliyeugua, aliyekatika kidole, aliyeanza kukohoa damu, akapelekwa Auschwitz.

Hapo msomaji aangalie vizuri. Mzani uliopimiwa watu katika kambi hizo ulipima mikono na mapafu. Haukupima moyo. Msichana mkarimu mwenye kifua kibovu akafa. Msichana mchoyo mwenye kifua kizima akapona. Na mara nyingine ikawa kinyume. Mtu atakayesema kwamba mzani ule ulikuwa wa haki, na kwamba waliopona ndio waliostahili, amewafanya wauaji kuwa waamuzi.

Kambi ya kwanza ya Gerda ilikuwa Bolkenhain, penye kiwanda cha kufuma nguo. Wasichana walisimama mbele ya mashine zilizopiga kelele mchana kutwa, macho yakifuata nyuzi, miguu ikivimba. Siku moja Gerda aliugua homa kali, akalala kitandani asiweze kusimama, na siku hiyo hiyo akaja afisa wa SS kukagua. SS ni wale askari wa Hitler waliokabidhiwa kazi ya kuua. Msimamizi wa wasichana, mwanamke Mjerumani mwenye uso mkali, akaingia mbio, akamvuta Gerda kitandani, akamburuta mpaka kiwandani na kuiwasha mashine mbele yake, ili afisa amkute amesimama kazini. Afisa akapita. Gerda akaishi.

Mwanamke yule alikula mshahara wa utawala mwovu, na tendo moja jema haliusafishi utawala huo. Hata hivyo tendo lilitendeka, tena kwa hatari. Gerda alilikumbuka maisha yake yote, akalisimulia kila alipopata nafasi, bila kulipunguza wala kulikuza. Hiyo ndiyo haki: kumpa kila mtu sifa ya tendo lake, hata akiwa ndani ya jeshi la adui.

Kutoka Bolkenhain alihamishwa Merzdorf, na hapo mateso yakazidi. Msimamizi mmoja wa kiume alimtaka kwa ubaya, naye akakataa. Kwa ajili hiyo akapangiwa kazi ya kubeba mizigo ya kitani. Kitani ni mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Mafungu yake makavu ni mazito, nayo huchoma ngozi. Mchana alifanya kazi hiyo, na usiku alipakua makaa na mizigo penye gari la moshi. Siku moja, amesimama karibu na reli, wazo lile la zamani likamjia: gari linakuja, hatua moja tu, na taabu yote imekwisha. Ndipo, kama alivyoandika, alisikia maumivu shingoni, mahali pale ambapo mikono ya baba yake ilimshika. Akakumbuka ahadi. Gari likapita.

Baba hakuwapo. Huenda alikuwa amekwisha kufa. Hakuweza kumletea binti yake mkate, wala kumtetea, wala kumtaja jina. Lakini neno alilomtolesha binti lilikuwa bado na nguvu, kwa sababu binti alilihesabu kuwa deni. Watu wengi hudhani kwamba ahadi ni kamba inayomfunga mtu. Penye reli ile ilikuwa kamba kwelikweli, kama ile anayotupiwa mtu aliyetumbukia kisimani.

Katika kambi hizo Gerda alikuwa na rafiki, Ilse, msichana wa Bielsko kama yeye. Siku moja, wakienda kazini, Ilse aliokota tunda moja dogo jekundu la vichakani, dogo kama ncha ya kidole, la jamii ile inayofanana na forosadi. Mtu mwenye njaa ya miaka miwili, aliyeokota tunda, angefanya nini? Hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angelitia kinywani pale pale. Ilse alilitia mfukoni. Akalilinda mchana kutwa, akifanya kazi kwa uangalifu lisipondeke. Jioni akalilaza juu ya jani, akampa Gerda kuwa zawadi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini hata wao labda hawakuwaza utajiri uliopungua hivi. Gerda, alipokuwa mzee na kualikwa kusema mbele ya watu, aliwaomba wafikiri juu ya ulimwengu ambao mali yako yote ni tunda moja, nawe unampa rafiki yako.

Tunda lile halikumwokoa mtu. Hilo lazima lisemwe wazi. Tunda dogo namna ile halimwongezei mtu hata saa moja ya uhai. Wala halikumpa Ilse malipo, kama itakavyoonekana. Ikiwa thamani ya tendo hupimwa kwa faida yake, tendo la Ilse ni bure kabisa. Basi, ama kipimo hicho ni cha uongo, ama Ilse alikuwa mjinga. Kila msomaji achague.

Mwisho wa Januari 1945 majeshi ya Urusi yalikuwa yakikaribia kutoka mashariki. Wasichana walikuwa wakati huo katika kambi ya Grünberg. Wajerumani hawakutaka waachwe nyuma wakiwa hai, wakawaongoza kwa miguu kuelekea magharibi, kisha kusini, kupita Dresden, kupita kambi ya Helmbrechts, mpaka nchi ya Chekoslovakia. Njia ilikuwa zaidi ya kilometa 500. Walitembea miezi mitatu, kipindi kikubwa juu ya theluji, wakilala maghalani na mara nyingine nje. Aliyeanguka alipigwa risasi. Gerda aliandika kwamba kundi lake lilikuwa na wanawake wapatao 2,000, na waliofika mwisho wakiwa hai hawakutimia 120. Wengi walivaa viatu vya mbao au matambara tu. Aliona msichana ambaye vidole vyake vya miguu viliganda kwa baridi mpaka vikavunjika kama vijiti.

Yeye alikuwa na viatu vya baba yake.

Hapo watu wengi hupenda kusema: tazama, baba alijua! Hapana. Baba hakuwa mwaguzi, wala hakujua kitu juu ya njia ile ya theluji ya mwaka 1945. Alimpenda mtoto wake, akafikiri kama wazazi wafikirivyo, ya kwamba kiatu kizuri si mzigo. Tena, baba wengine nao waliwapenda binti zao. Wengine waliwapa viatu vizuri, navyo vikaibwa; wengine waliwapa shuka, wengine fedha, wengine baraka tupu kwa kuwa hawakuwa na kingine. Binti hao wamelala kando ya barabara ile. Upendo wa baba yake Gerda haukuwa mkubwa kuliko wa baba hao. Viatu vilimfaa, na kwa ajili ya viatu ni haki kushukuru. Bali asiyekuwa navyo asilaumiwe, wala asidhaniwe kuwa hakupendwa.

Ilse hakufika. Nguvu zilimwishia juma moja tu kabla ya mwisho wa vita. Usiku ule alilala mikononi mwa Gerda. Alisema kwamba hana hasira na mtu yeyote, na kwamba anatumaini hakuna mtu mwenye hasira naye. Alimwomba Gerda mambo mawili: wazazi wake wakionekana, asiwaambie jinsi alivyokufa, na yeye Gerda ajikaze kuendelea juma moja zaidi. Asubuhi alikuwa amekufa. Alikuwa na miaka 18.

Kama kupona kungekuwa mshahara wa wema, nani alistahili kulipwa kuliko huyu? Ilse alitoa tunda. Ilse alisamehe. Ilse, akifa, alihangaikia huzuni ya wazazi wake na uhai wa mwenzake. Mfuasi wa rafiki za Ayubu na asimame mbele ya msichana huyu, atafute kosa lake. Hatalipata. Na kama halipo, basi hesabu ile yote imeanguka: wema si bei ambayo mtu huinunulia miaka. Jambo hili laweza kumtia mtu hofu, maana kila mzazi angependa kumwambia mtoto wake: uwe mwema, utaishi siku nyingi. Mara nyingi neno hili ni la kweli, kwa kuwa watu wema hutunzana. Lakini zikija siku ambazo waovu wameshika bunduki, si la kweli tena; na mtoto aliyefundishwa kuwa mwema kwa ajili ya malipo tu, siku hizo atauacha wema kama mfanyakazi anavyoacha kazi isiyolipa.

Ilse aliomba juma moja, na Gerda alitembea juma lile. Alikuwa sasa na ahadi mbili, ya baba na ya rafiki.

Katika mji mdogo wa Volary, mwanzoni mwa Mei, walinzi waliwafungia wanawake waliobaki ndani ya jengo la kiwanda, wakaweka bomu, wakakimbia. Bomu halikulipuka. Tarehe 7 Mei 1945 likaja gari la jeshi la Marekani, akashuka afisa kijana, Kurt Klein. Gerda alisimama mlangoni. Siku moja tu ilibaki atimize miaka 21. Uzito wake ulikuwa kilo 31 hivi, nywele zake zilikuwa nyeupe kama za bibi mzee, nguo zake ni matambara, naye hakuwa ameoga kwa miaka mitatu. Aliona imempasa kumwonya afisa huyo, akamwambia kwamba wao ni Wayahudi. Afisa alinyamaza kwa muda. Kisha akajibu kwamba yeye pia ni Myahudi. Alikuwa mzaliwa wa Ujerumani; alifika Marekani mwaka 1937, naye alijitahidi bure kuwatoa wazazi wake, ambao baadaye walipelekwa Auschwitz.

Afisa akaomba kuwaona wanawake wengine, akitumia neno la heshima ambalo hawakulisikia kwa miaka mingi. Akamwomba Gerda amtangulie ndani. Akaushika mlango, akaufungua, akasimama kando ili yeye apite kwanza.

Ni jambo dogo. Kule Ulaya kila mwanamume mwenye adabu humfungulia mwanamke mlango, wala hakuna anayelitazama. Lakini kwa miaka mitatu milango yote iliyofunguliwa mbele ya Gerda ilifunguliwa kwa kusukumwa na kwa kupigwa. Alisema daima kwamba katika tendo lile moja alirudishiwa utu wake. Si kwamba utu wenyewe ulikuwa umepotea. Aliyetoa tunda na aliyelipokea walikuwa watu kamili ndani ya kambi, kuliko walinzi wao. Lakini utu una tabia hii, kwamba mtu hawezi kuuona usoni mwake mwenyewe. Huuona kwa jinsi mwenzake anavyomtazama. Wauaji walijua hilo, ndiyo maana walijitahidi sana kuwachafua watu kabla ya kuwaua. Na mlango ulioshikwa kwa heshima unaweza kuvunja kazi yao ya miaka mitatu kwa dakika moja.

Kurt na Gerda walioana mjini Paris mwaka 1946, wakakaa Buffalo, huko Marekani, wakapata watoto watatu. Mwaka 1957 Gerda alitoa kitabu cha maisha yake, All But My Life. Filamu fupi juu ya maisha yake, ya mwaka 1995, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1996, na mwaka 2011 rais Barack Obama alimvika nishani ya juu wanayopewa raia wa nchi ile. Alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 97.

Siku ya tuzo ile ya filamu, mbele ya matajiri na wachezaji mashuhuri, alipewa nafasi ya kusema maneno machache. Mwingine angesema kwamba ameshinda. Yeye aliwakumbusha kwamba amekaa mahali ambapo kushinda maana yake ilikuwa kupata kipande cha mkate na kuishi siku moja zaidi. Akasema kwamba tangu siku ya kuokolewa hajaacha kujiuliza kwa nini yeye yuko hapa, kwa kuwa yeye si bora kuliko wengine. Akawataja wale ambao hawakuishi wapate kuonja jioni moja ya kawaida nyumbani, jioni isiyo na jambo lolote, ambayo watu wenye amani huiona kuwa inachosha.

Baada ya miaka 50 hakuwa ametafuta jibu la kujipendeza. Hakusema kwamba alipona kwa akili, wala kwa nguvu, wala kwa wema. Alitaja viatu, ahadi, msimamizi mwenye uso mkali, tunda, mlango. Kila kimoja mahali pake, kila kimoja kwa jina la aliyekitoa. Deni lake aliliona kuwa la kweli hata kama hakuna aliyelidai, akalilipa kwa kusimulia, mji kwa mji, shule kwa shule, mpaka uzeeni.

Huko Volary yako makaburi ya wanawake 95 wa msafara ule. Baadhi yao walikufa baada ya mlango kufunguliwa, wakiwa tayari huru, vitandani, wakihudumiwa na waganga.